Wavuvi wa mshipi, huu uchafu mnamwachia nani?

Wakuu, salamu baadaye. Kuna jambo limenikera, nisipolisema nitapasuka.

Mtu anavua, mshipi unajisokota, anatoa kisu, anakata, anatupa palepale miguuni. Hatua chache tu kutoka aliposimama kuna bomba la kukusanyia mishipi mibovu, lile la plastiki lenye mdomo uliopinda kutazama chini ili mvua na ndege wasiingie. Bango lipo, maandishi makubwa. Hata halitazami!

Na wanaolitumia ndio wananimaliza zaidi. Nimefungua kifuniko cha chini, nikatoa makopo ya soda, vipande vya sigara, chambo kilichooza, na katikati ya uvundo huo bonge la mshipi, ndoana bado zimo na chubwi, ule uzito wa kuzamishia, juu yake. Nani akae achambue hayo? Mishipi hiyo hukusanywa iyeyushwe itengenezwe vitu vipya, na kinachofaa kuyeyushwa ni nailoni safi ya uzi mmoja, bila ndoana, bila mwani. Mshipi wa kusuka weka kando, haufai, na wenye waya ndani ndiyo kabisa. Mkichanganya, jasho la waliokusanya linaishia jalalani. Na si kwamba kazi yenyewe haiwezekani: Berkley, kampuni ya Marekani, inapokea mishipi mikuukuu tangu 1990, mingine wanaitengenezea maficho ya samaki ya kuzamisha ziwani.

Halafu mtu anakujibu "si kauzi tu hako". Kauzi hako hakaozi! Makadirio yanayotajwa sana ni miaka 600. Nailoni ilibuniwa 1935, kwa hiyo kwa hesabu hiyo hata mshipi wa kwanza kabisa wa nailoni kutupwa majini, kama haukuokotwa, bado upo.

Mnaununua kwa sababu samaki hauoni. Basi kasa naye hauoni, ndege mwari hauoni. Ndege akinasa mguu, kila akijitikisa kitanzi kinakaza, kinazama kwenye nyama mpaka mfupani, damu haipiti, mguu unakufa ungali mwilini. Nguva wa Florida wanakatika mapezi namna hiyohiyo. Furukombe anaubeba kutandika kiota, makinda yananaswa humohumo kabla hayajajua kuruka.

Na ninyi mliofunga hayo mabomba, msijifiche. Siku ya kuzindua mlijaa kupiga picha. Sasa bomba limefurika, mishipi inaning'inia mdomoni, upepo unairudisha majini kulekule. Bomba lisilomwagwa ni mtego mwingine mmeuweka ninyi wenyewe.

Kama ulipo hakuna bomba, toa ndoana, kata mshipi vipande visivyozidi sentimita 30, ndipo utie kwenye pipa lenye kifuniko, maana jalalani nako ndege wanapekua. Dakika moja haiishi.

Sasa wahusika najua mnapita humu. Nataka jibu moja: zamu ya kumwaga bomba ni ya nani, na kwa nini haji?