Hela ya SAGE: kwa nini mzee asubiri mpaka miaka 80?

Mwalimu_Mbale: Ndugu zangu, tujadili hili bila kuingiza vyama. Hela ya SAGE, ile shilingi 25,000 kwa mwezi ambayo serikali yetu ya Uganda inawapa wazee, wakati wa majaribio ilianzia miaka 65, Karamoja 60. Ilipoenezwa nchi nzima umri ukapandishwa hadi 80. Mimi nilistaafu ualimu nikiwa na 60, pensheni naipata. Jirani yangu amelima kahawa maisha yake yote, yeye anaambiwa asubiri miaka 20 zaidi. Kwa nini mimi nizeeke kwa 60 na yeye kwa 80?

Kijana_Busia: Hela zitoke wapi, mwalimu? Zaidi ya nusu ya nchi hii hawajafika miaka 20, na kazi hatuna. Halafu tuambiane ukweli: mzee anayesubiri serikali imlishe, watoto wake wako wapi? Ukilea vizuri, utalelewa.

Haboba_Bombo: Wewe wa Busia, chunga mdomo wako. Watoto wangu wako makaburini. Wanne niliwazika miaka ile ya ukimwi, wajukuu nikawasomesha kwa kusuka vikapu na kuuza mandazi. Mmoja leo ni nesi. Niambie, nililea vibaya wapi?

Kijana_Busia: Pole sana mama, sikukusema wewe. Nasema wale wanaoshinda kwenye malwa, hiyo pombe ya ulezi.

Mzee_Tororo: Malwa imeingiaje hapa? Jioni tunakaa kwenye chungu, kila mtu na mrija wake, na hapo ndipo tunajua nani anaumwa na nani hajaonekana tangu juzi. Wewe hujui mlango wa jirani yako. Na vile vipakiti vya pombe kali ya waragi vilivyopigwa marufuku 2019, vilikuwa vinawamaliza wazee au nyinyi?

Kijana_Busia: Mzee wangu, mimi pombe sinywi. Kila mwezi natuma hela nyumbani, ya mama na ya karo za wadogo zangu. Mkisema vijana hatujali, mnaniumiza.

Dada_Ntinda: Hakuna aliyesema hivyo, kaka. Rudini kwenye hoja. Sensa ya 2014 ilisema wastani wa kuishi ni 63 hivi. Ukiweka 80 umeshaamua wengi wasipate.

Kijana_Busia: Hiyo 63 imehesabu na watoto wachanga wanaofariki. Aliyefika 60 bado ana miaka mingi mbele.

Haboba_Bombo: Na hiyo miaka mingi atakula nini?

Boda_Arua: Nyinyi mnabishana umri kana kwamba unajulikana. Kitambulisho cha bibi yangu kimeandikwa 1951. Uhuru wa 1962 ulimkuta ameshaolewa na ana mtoto mgongoni! Mwandikishaji alikadiria tu. Nilimpeleka warekebishe, wakamwambia aweke kidole kwenye mashine. Ikakataa. Akakisugua kwenye kitenge, ikakataa tena. Alama zote zimeliwa na mpini wa jembe. Tukarudi mikono mitupu.

Dada_Ntinda: Yaani kazi iliyomzeesha ndiyo imemfutia ushahidi. Inauma.

Mzee_Tororo: Kwetu pia yapo hayo. Lakini yule kijana hajaniomba msamaha kwa ile ya malwa.

Mwalimu_Mbale: Mzee, tuiache malwa. Katiba ya 1995, kwenye malengo ya taifa, inasema serikali itaweka utaratibu wa kuwatunza wazee. Haisemi wale wasio na watoto, wala wale wasiokunywa. Bungeni tangu 2021 kuna wabunge watano wa wazee. Hili ndilo la kuwadai. Kama hela ni chache, umri ushuke kwa hatua: 75, kisha 70.

Kijana_Busia: Kwa hatua nakubali. Mara moja hadi 60, hapana, mtatukamua sisi kwa kodi. Na mzee wa Tororo, unisamehe.

Boda_Arua: Mimi ikifika 70 inanitosha. Kwa mwaka huo huo waliomkadiria, bibi yangu anaingia bila kuombwa kidole.