Wakuu naomba ushauri: kwotabeki wa akiba unampimaje thamani ya muda mrefu? (Joe Milton, ligi ya dainasti)

Mwana_wa_Arlington

Habari za jioni wakuu. Tunasubiri msimu wa 2025. Niko Texas mwaka wa sita sasa, na huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye ligi ya fantasi ya aina ya dainasti: unapanga kikosi cha kubuni cha wachezaji halisi wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na wanachofanya uwanjani ndiyo alama zako. Tuko watu 12, wengi tunafanya kazi ghala moja. Kwa wasioifahamu: hatuanzi upya kila msimu kama fantasi ya kawaida. Mchezaji uliyenaye ni wako mpaka umuuze au umwache mwenyewe. Kikosi ni watu 26, na ligi ni supafleksi, yaani ile nafasi ya ziada unaruhusiwa kupanga kwotabeki (mrusha pasi mkuu wa timu) wa pili.

Makwotabeki wangu ni Dak Prescott wa Dallas Cowboys na Caleb Williams. Wa tatu sina. Jana jamaa mmoja ameniletea ofa: ananipa Joe Milton, kwotabeki wa akiba wa Prescott, mimi nimpe chaguo langu la raundi ya pili la drafti ya ligi yetu ya 2026 (drafti ni pale timu zinapopokezana kuchagua chipukizi, dhaifu zikitangulia). Anasema Milton ana miaka 25, mpira anaurusha mbali kupita karibu kila mtu aliyeko NFL, na Cowboys hawakumtoa Patriots Aprili hii ya 2025 kwa kujifurahisha. Tena anasema Prescott mwenyewe alianza hivi hivi: raundi ya nne 2016, Tony Romo akaumia kabla msimu haujaanza, kijana akaingia na hakutoka tena.

Wakuu, nakiri moyo unataka. Mwaka jana Prescott alipoumia Novemba nilimaliza msimu na kwotabeki mmoja, nikakosa mchujo kwa mechi moja. Iliniuma sana. Sasa mtu ambaye hachezi, thamani yake ya miaka mitatu ijayo mnaipimaje? Na raundi ya pili ni bei ya haki? Natanguliza shukrani.

Kigogo_wa_Drafti

Mkuu, kabla hujaangalia mkono wake angalia timu ilitoa nini kumpata. Packers walipanda kwenye drafti ya NFL kutoka nafasi ya 30 hadi ya 26 mwaka 2020 wamchukue Jordan Love, wakamweka benchi miaka mitatu nyuma ya Aaron Rodgers. Aliyemshika Love kwenye dainasti muda wote ule alikuwa na ahadi ya timu mkononi. 2023 akapewa usukani, akarusha pasi 32 za tachidauni (bao). Mahomes naye: Chiefs walipanda hadi nafasi ya 10 mwaka 2017 na kutoa chaguo lao la kwanza la mwaka uliofuata. Alikaa nyuma ya Alex Smith msimu mmoja, kisha 2018 akarusha tachidauni 50. Timu ikishatoa gharama ya namna hiyo, mlango utafunguliwa tu, swali ni lini.

Milton alichukuliwa wa 193, raundi ya sita, 2024. Mwaka mmoja baadaye Patriots wakamwachia yeye pamoja na chaguo la raundi ya saba, wakapokea la raundi ya tano. Hiyo ndiyo bei aliyopewa na watu wanaomwona mazoezini kila siku. Jamaa yako anakuomba raundi ya pili, na kwenye ligi ya watu 12 hiyo ni mtu wa 13 hadi wa 24 kati ya chipukizi wote wa mwaka mzima. Hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwana_wa_Arlington

Asante mkuu. Lakini Brock Purdy alichukuliwa wa 262, wa mwisho kabisa, na Tom Brady wa 199. Hao nao tuwaweke wapi?

Kigogo_wa_Drafti

Waweke pale pale walipo, kwenye kumbukumbu, kwa sababu ni wachache kiasi kwamba wewe na mimi tunazijua namba zao za drafti kwa kichwa. Karibu kila mwaka makwotabeki kadhaa huchukuliwa raundi ya tano mpaka ya saba. Nitajie wa 2020. Nitajie wa 2019 ukimtoa Gardner Minshew. Sisemi Milton hawezi. Nasema ukitaka kubahatisha na watu wa aina hiyo, bahatisha kwa bei yao.

BintiMkunazini

Mimi ile mechi ya Milton niliiangalia yote, 5 Januari 2025, Patriots na Bills. Nilifurahi kweli. Drake Maye, kwotabeki wao wa kwanza, alitoka mapema, Milton akaingia na kukamilisha pasi 22 kati ya 29, yadi 241, tachidauni moja ya kurusha na moja ya kukimbia, wakashinda 23 kwa 16. Ushindi ule ukawapotezea Patriots chaguo la kwanza la drafti, wakashuka hadi la nne.

Lakini kaka, tuseme na upande wa pili. Bills walikuwa tayari wameshajua nafasi yao ya mchujo. Kwotabeki wao Josh Allen alicheza mpira mmoja tu akatoka, na wengi walipumzishwa. Hiyo ndiyo mechi pekee ya maana aliyonayo kwenye NFL. Na chuoni alipoteza namba mara mbili: Michigan 2020 kwa Cade McNamara, kisha Tennessee 2021 aliumia na Hendon Hooker akashika nafasi. Kipaji kipo, nakiona kwa macho yangu. Ila makocha watatu tofauti wamekiona pia, na kila mmoja kamweka pembeni kwa wakati wake.

Mzee_wa_Mikataba

Vijana, someni mikataba. Prescott alisaini Septemba 2024 miaka minne, dola milioni 240, na unafika mpaka 2028. Milton yuko kwenye mkataba wake wa kwanza wa miaka minne, unaisha baada ya msimu wa 2027. Kwa maneno mengine, mkataba wa Milton utaisha kabla wa Prescott haujamalizika. Njia yake ya kuwa kwotabeki wa kwanza ni Prescott kuumia tu, au auzwe kwingine.

Kuna watakaosema mkataba mkubwa si ukuta. Ni kweli. Carson Wentz alisaini milioni 128 mwaka 2019, na 2021 Eagles walikuwa wamemuuza Colts. Kirk Cousins alisaini Atlanta milioni 180 Machi 2024, na Desemba hiyo hiyo akawekwa benchi. Lakini waliochukua nafasi zao ni akina nani? Jalen Hurts, raundi ya pili. Michael Penix, chaguo la nane. Timu zilishawalipia kabla ya kuwaondoa wakubwa. Dallas ikichoka na Prescott, itaingia drafti na kumchukua mtu juu, na Milton atakuwa wa pili kwa kijana mwingine.

Otieno_Minneapolis

Niongeze hesabu kidogo. Supafleksi ya watu 12, kila mtu akipanga makwotabeki wawili ni 24. NFL ina timu 32, wanabaki wanane, na kila mmoja wenu anataka wa tatu. Hawatoshi. Ndiyo maana hata wa akiba wana bei kwenye ligi yako. Kwenye ligi ya kwotabeki mmoja Milton anaokotwa bure.

Pia pima miguu. Ligi nyingi yadi 10 za kukimbia ni alama moja, za kurusha mpaka 25. Hurts alipoanza mara ya kwanza dhidi ya Saints, Desemba 2020, alikimbia yadi 106, sawa na mtu kurusha 265. Cooper Rush alipomshikia Prescott 2022, Cowboys walishinda mechi nne kati ya tano alizoanza, lakini hakufikisha yadi 250 hata mara moja na hakuwa mkimbiaji. Ushindi wa timu haukuwasaidia waliompanga. Milton ana mwili mkubwa na anaweza kukimbia, kwa hiyo siku akianza atakuletea zaidi ya Rush. Hiyo nampa.

Ila ukimpata na akang'ara wiki moja, uza wiki hiyo hiyo. Mike White wa Jets alirusha yadi 405 mechi yake ya kwanza kuanza, Oktoba 2021. Wiki mbili baadaye Bills walizinasa pasi zake nne.

BintiMkunazini

Otieno, hapo kwenye kuuza nakuunga mkono. Lakini kuna jambo hakuna aliyemwambia mwenye uzi. Kaka, shida yako ya mwaka jana ilikuwa kukosa kwotabeki wa tatu. Milton ni wa timu ile ile ya Prescott! Wiki Cowboys wakipumzika, wote wawili wanapumzika. Caleb Williams akiumia, Milton hakusaidii chochote kwa sababu Prescott ndiye anacheza. Anakufaa katika tukio moja tu, Prescott kuumia. Raundi ya pili kwa bima ya tukio moja ni ghali mno.

Raundi ya pili hiyo hiyo ipeleke kwa mtu mwenye kwotabeki mzee anayecheza. Geno Smith ana miaka 34, msimu huu wa 2025 yuko Raiders na kocha Pete Carroll, na watu wanaojenga upya vikosi wanamwachia kwa sababu ya umri. Anaanza kila wiki.

Mzee_wa_Mikataba

Binti amesema la maana kuliko sote. Na huyo Geno mwenyewe alikaa benchi kuanzia 2015 mpaka Seattle walipompa timu 2022, akarusha yadi 4,282. Nani alimshika miaka saba kwenye kikosi cha watu 26? Waliofaidi ni waliomwokota bure mwaka ule.

Mwana_wa_Arlington

Wakuu, dada, shukrani sana. La wiki ya mapumziko sikuliwaza kabisa, na nimekaa na hii ofa usiku mzima.

Nimefanya hivi. Milton nimemwekea raundi ya tatu ya 2026, jamaa kasema anafikiria mpaka Ijumaa na sitaongeza. Mwenye Geno kwenye ligi yetu ni yule aliyeshika mkia mwaka jana. Nimemtumia ofa ya raundi ya pili, kajibu anataka na mpokeaji mmoja wa akiba juu yake. Nina wawili ambao sijawapanga tangu Oktoba. Mmoja anakwenda.

Otieno_Minneapolis

Mpe kabla hajabadili nia, boss. Na Milton akikataliwa kwa raundi ya tatu, mwangalie tena Oktoba. Mwenye kikosi kilichojaa akipata majeruhi wawili, wa kwanza kuachwa huwa ni kwotabeki asiyecheza.