Laptopu na vifaa vya boti (GPS, AIS, ekosaunda): waya wa USB, kisanduku chenye utengano wa umeme, au Wi-Fi?

Msafiri_Kilifi

Wakuu, salaam aleikum. Nina boti ya fiba ya futi 28 hapa Kilifi, inapeleka wapiga mbizi na siku nyingine wavuvi. Kwenye usukani nina GPS inayotoa NMEA 0183 (lugha ya data ya vifaa vya boti), ekosaunda (kipima kina) iliyoungwa nayo, na redio ya VHF inayopokea AIS (matangazo ya meli kuhusu mahali zilipo). Nataka vyote vionekane kwenye laptopu ndani ya OpenCPN (programu ya ramani za bahari), nahodha aone meli zinazoelekea Kilindini mapema, hasa usiku.

Ninaogopa, na nina sababu. Mwezi wa tatu nilinunua waya wa bei rahisi wa USB kwenda serial, nikakata ncha, nikaunga kwenye nyaya za GPS. Ukafanya kazi asubuhi nzima. Mchana betri ya laptopu ikashuka, nikachomeka chaja kwenye inveta. Nilipogusa bati la laptopu nikahisi mtekenyo, kama sisimizi wanatembea kidoleni. Dakika chache baadaye namba zikakatika. Tangu siku ile GPS inaonyesha mahali vizuri kabisa kwenye kioo chake, lakini kwenye waya wa data hakitoki kitu.

Nimenunua GPS nyingine na sitaki kuiunguza hii. Kichwani nina njia tatu: waya kama ule lakini wa aina bora, kisanduku cha USB chenye utengano wa umeme, au kisanduku cha Wi-Fi. Ninyi mnatumia nini, na kwa nini?

Fundi_Mtwapa

Pole sana kaka. Mtekenyo ule ulikuwa dalili. Ndani ya chaja za laptopu kuna kapasita ndogo zinazounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa DC, kazi yake ni kupunguza kelele. Kama hakuna ethi, na inveta nyingi za botini hazina, bati la laptopu linaelea kwenye karibu nusu ya volti za inveta. Pima mwenyewe: multimita kwenye AC, ncha moja kwenye bati la tundu la USB, nyingine kwenye hasi ya betri ya boti. Kwa inveta ya 240 usishangae ukiona mia na kitu. Mkondo wenyewe ni mdogo, hautakuumiza, lakini chipu ya data ndani ya GPS imetengenezwa kwa volti 5.

Kabla sijaendelea, nijibu: waya wa data B wa GPS uliuunga wapi?

Msafiri_Kilifi

Kwenye hasi, fundi. Pini ya 5 ya plagi ya serial. Video zote nilizotazama zinafanya hivyo.

Fundi_Mtwapa

Basi GPS yako ilipigwa mara mbili.

NMEA 0183 ilipoanza mwaka 1983 ilikuwa na waya mmoja wa data na hasi. Kuanzia toleo la 2.0 matokeo yakawa ya aina ya RS-422: nyaya mbili, A na B, moja ikipanda nyingine inashuka. B si hasi. Ukiifunga kwenye hasi unapiga shoti nusu ya matokeo muda wote kifaa kikiwaka. Vingine huvumilia miaka, vingine huchemka polepole hadi vife. Na waya wa kawaida wa USB kwenda serial ni RS-232, ambayo haikukusudiwa kuongea na RS-422.

Ukilazimika kuutumia kwa dharura: A iende pini ya 2, hasi ya GPS iende pini ya 5, B iache wazi na uizungushie tepu. Laptopu iwe kwenye betri yake, chaja isiguse chochote. Usiufanye mfumo wa kudumu, kwa sababu iko siku mtu mwingine atachomeka chaja bila kujua.

Mimi boti zote ninazofunga siku hizi naweka adapta ya USB ya RS-422 yenye utengano. Ndani yake data huvuka kwa mwanga: upande mmoja taa ndogo, upande wa pili jicho linalosoma, na katikati hakuna shaba inayopita. Chaja ifanye vituko vyake, GPS haivioni.

Papa_Potwe

Mimi niko Kilindoni, Mafia, na napiga kura kwa Wi-Fi. Msimu wa papa potwe, tangu Oktoba mpaka mwanzoni mwa mwaka, boti yangu iko wazi, maji yanaruka kila upande. Laptopu yenye tundu la USB lililo wazi haidumu wiki mbili kwenye chumvi ile. Nina kisanduku cha Yacht Devices kimefungwa juu chini ya deki, kikavu, kinarusha data kwa tableti iliyo ndani ya mfuko wa plastiki. Kati ya tableti na boti hakuna waya hata mmoja, kwa hiyo habari ya chaja na mtekenyo haipo kabisa. Nahodha anaona, na mwongoza wageni aliye omo anaona kwenye simu yake.

Kwenye OpenCPN unaongeza muunganisho wa mtandao, UDP, mlango 10110, basi.

Fundi_Mtwapa

Papa_Potwe, nakubali kuhusu chumvi, na kwa boti ya wazi ningefanya kama wewe. Ila mwambie Msafiri mambo mawili. Nywila iliyotoka na kisanduku dukani ibadilishwe siku hiyo hiyo. Na kama boti ina otopailoti, kisanduku kiwekwe kwenye hali ya kutoa tu, kisipokee sentensi (ujumbe wa data) kutoka kwenye simu za watu. Nimepanda boti ya mteja nikiwa na simu yangu, nikaingia kwenye mtandao wake bila kuulizwa nywila, na njia ya kupeleka APB (sentensi inayoelekeza usukani) kwa otopailoti ilikuwa wazi. Yeyote aliyeko gatini angeweza kuigusa. Niliifunga kabla sijashuka.

Papa_Potwe

Kweli kabisa. Yangu inatoa tu, na nywila ni ndefu. Sina otopailoti, lakini wageni ni wengi na kila mmoja ana simu.

Bi_Dira

Jamani, naomba nichangie kidogo, kazi yangu ni vifaa vya meli, Dar es Salaam.

Msafiri, hujasema kama GPS mpya ina tundu la NMEA 2000. Kama inalo, mjadala unabadilika. NMEA 2000 ni CAN (mtandao wa data kama ule wa magari), kilobiti 250 kwa sekunde, vifaa vyote kwenye mstari mmoja, na kila kimoja kinaongea kwa zamu. Habari ya A na B huna tena. Unaongeza kisanduku kimoja cha USB, kwa mfano Actisense NGT-1 ambayo ina utengano ndani yake, na laptopu inasoma kila kilichopo: mahali, kina, upepo, injini kama inaongea.

Lakini mstari ufungwe inavyotakiwa. Matatizo tisa kati ya kumi ninayoitiwa yako kwenye vizuizi vya mwisho. Vinatakiwa viwili tu, kimoja kila ncha, omu 120 kila kimoja. Zima umeme wa mstari, pima kati ya waya mweupe na wa buluu: ukipata 60 uko sawa. Ukipata 120, kizuizi kimoja hakipo au kimelegea. Ukipata 40, mtu ameongeza cha tatu. Tawi linalotoka kwenye mstari kwenda kwenye kifaa lisizidi mita 6. Na mstari unalishwa umeme sehemu moja, wenye fyuzi yake. Nimekuta boti ambayo mtu alileta hasi ya pili kutoka kwenye betri ya injini kwa sababu aliona kifaa cha mwisho kinafifia. Kila starter ilipozungushwa, namba zilipotea. Tulipoiondoa hasi ile ya pili, starter ikazungushwa mara kumi na namba hazikutikisika.

Msafiri_Kilifi

Shukrani dada. Nimeangalia, haina. Ni 0183 peke yake, matokeo mawili.

Bi_Dira

Sawa, basi baki na alichosema fundi. Jambo moja tu, na tafadhali lizingatie: GPS yako bila shaka ina waya unaokwenda kwenye VHF. Usiung'oe ili upate nafasi ya laptopu. Ndio unaoipa redio mahali ulipo, ukibonyeza kitufe chekundu cha DSC (wito wa dharura wa kidijitali) mahali hapo ndipo panaporushwa. Kwenye 0183 msemaji mmoja anaweza kusikilizwa na wasikilizaji kadhaa, kwa hiyo laptopu inaungwa pembeni ya VHF kwenye A na B zile zile. Kisichowezekana ni wasemaji wawili kwenye waya mmoja.

Chuma_Mwanza

Habari za jioni. Ninyi mnaongelea fiba. Sisi huku ziwani tuna boti za chuma na kwetu utengano ni lazima. Hasi ya betri haitakiwi kugusana na mwili wa boti ovyo, na laptopu moja iliyochomekwa kwenye umeme wa gati inaweza kuunganisha vyote: mwili wa boti, hasi, na ethi ya nchi kavu. Hapo chuma cha boti kinaanza kuliwa na umeme chini ya maji. Tuliona anodi zetu, vile vipande vinavyoliwa badala ya mwili wa boti, za magnesi (maji baridi hatutumii zinki) zimeisha kabla ya nusu ya muda wake wa kawaida. Tulitafuta wiki nzima, tukaja kugundua ni kompyuta ya ofisi ndogo ya boti, imeungwa kwenye rada kwa waya usio na utengano na haichomolewi usiku. Tukaweka kisanduku chenye utengano, anodi zilizofuata zikaenda muda wake.

Kwa hiyo hata ukiwa na fiba, kumbuka shafti na propela ni chuma pia.

Kijana_wa_Wete

Mimi nina njia ya nne. Kipokezi kidogo cha GPS cha USB, kile cha mviringo chenye sumaku. Laptopu inapata mahali pake yenyewe, haijagusa kifaa chochote cha boti. Kwenye mkondo wa Pemba nimekitumia na OpenCPN miaka miwili. GPS ya boti ikifa, laptopu inaendelea, na kinyume chake.

Fundi_Mtwapa

Mdogo wangu, umesema jambo la maana. Kwa anayetaka mahali tu, hiyo ndiyo njia salama kupita zote, na mimi naibeba mfukoni kama akiba. Msafiri anataka na AIS pamoja na kina, ndiyo maana inabidi aguse nyaya.

Msafiri, kasi zinatofautiana. GPS inatoa kwa biti 4800 kwa sekunde, AIS inatoa kwa 38400. Ama ununue adapta mbili, ama kichanganyishi kama MiniPlex chenye milango kadhaa na utengano ndani. Kwa boti yako adapta mbili zinatosha na ukikosea ni rahisi kujua kosa liko wapi.

Msafiri_Kilifi

Wakuu, adapta mbili zimefika, nimefunga leo. A kwa A, B kwa B, waya wa kutoka laptopu kwenda GPS sijaunga kabisa. Namba zinaingia. Lakini kuna kitu cha ajabu: nikiwasha laptopu GPS ikiwa tayari inafanya kazi, mshale wa kipanya unaruka ruka kwenye kioo na kufungua mafaili wenyewe. Ni virusi?

Bi_Dira

Si virusi. Windows inasikia data ya GPS wakati inawaka, inadhani ni kipanya cha zamani cha serial. Chomoa adapta, fungua orodha ya vifaa, kisha chomeka tena. Chini ya vipanya utaona kimoja kinachoitwa Microsoft Serial BallPoint, hicho kizime. Usikifute, ukikifuta kitarudi. Au wakati wa kuwasha uwe umechomoa adapta.

Msafiri_Kilifi

Imekaa sawa, dada, Mungu akubariki. Mshale umetulia.

Nimefungua dirisha la data la OpenCPN na mstari wa kwanza ulioingia tukiwa kwenye mdomo wa mto ni huu: $GPRMC,064512,A,0338.12,S,03951.30,E… Ile A baada ya saa maana yake nini? Na saa si sahihi, kwetu ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na tano asubuhi.

Fundi_Mtwapa

Saa ni sahihi. Ni UTC (saa ya kimataifa), sita na arobaini na tano na sekunde kumi na mbili, ongeza tatu unapata tisa na arobaini na tano, ambayo ni saa tatu na arobaini na tano yetu. A inamaanisha mahali ni halali. Siku ukiona V hapo, GPS imepoteza setilaiti na mahali unapoona kwenye ramani ni pa zamani. Mfundishe nahodha wako kuitazama.

Sasa chomeka chaja kwenye inveta, GPS na AIS vikiwaka, tuone.

Msafiri_Kilifi

Nimechomeka. Mtekenyo upo kwenye bati kama zamani. Nimekaa saa nzima nikitazama, namba hazijakatika hata mara moja. AIS inaonyesha meli tatu nje, moja umbali wa maili 14.

Papa_Potwe

Maili 14 kwa antena ya chini ni nzuri. Ukichomoa chaja zinaongezeka?

Msafiri_Kilifi

Nimechomoa sasa hivi. Zimekuwa tano.

Fundi_Mtwapa

Basi inveta au chaja inatoa kelele kwenye masafa ya AIS, yapo karibu na 162 MHz. Isogeze inveta mbali na waya wa antena, angalau mita moja na nusu, na waya wa chaja usiukunje pamoja na wa antena. Ukishafanya hivyo, hesabu tena meli na utuandikie hapa.