Flat kwenye GoPro: anga lina ngazi, tanga limeungua, nyuso za majivu. Nakosea wapi?

Tanga_Jeupe

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwenye suala la rangi.

Kamera ni GoPro Hero 10 Black, imefungwa tezini (nyuma) mwa ngalawa ikitazama omo (mbele). Ndani ya fremu muna tanga jeupe, mabaharia wawili waliokaa kwenye kivuli cha tanga, bahari na anga. Mahali ni Nungwi, saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, jua kali.

Mipangilio: 4K fremu 25, rangi Flat (picha iliyopauka, ya kurekebishwa baadaye), mizani ya nyeupe Auto, ISO chini 100 juu 1600, shata Auto, Sharpness High, Bit Rate Low ili kadi isijae haraka. HyperSmooth (kituliza mtikisiko) imewashwa. Filta hakuna. Kugredi (kurekebisha rangi) nafanya kwenye programu ya DaVinci Resolve ya bure, Windows, na LUT (jedwali la kubadilisha rangi) ni ya S-Log3 niliyopakua mtandaoni.

Nikimaliza kugredi, anga linatoka ngazi ngazi (mistari badala ya mteremko laini wa rangi), tanga limeungua halionyeshi hata mshono, nyuso zina rangi ya majivu, na katikati ya klipu moja picha inahama kutoka ubluu kwenda umanjano. Maji nayo yanatembea kwa kukatakata. Flat si ndiyo inayosifiwa kwamba inatunza kila kitu?

FundiRangi

Mkuu, tuanzie kwenye LUT, maana hiyo peke yake inatosha kuharibu nusu ya uliyoyataja.

S-Log3 ni mfumo wa kurekodi mwanga wa kamera za Sony. Kwa kipimo cha 0 hadi 1023, kijivu cha kati kwenye S-Log3 kinakaa 420, nyeupe ya karatasi karibu 598, na nafasi yote ya juu yake imeachiwa mng'ao mkali. LUT imeandikwa ikitarajia hivyo. Flat ya GoPro haina mpangilio huo. Ni picha ya kawaida iliyolegezwa kontrasti, na nyeupe zake zinafika karibu na dari. Tanga lako likiwa kwenye 850, LUT inalisoma kama kitu kinachong'aa mara kadhaa kuliko karatasi nyeupe, inalibana juu kabisa, na mshono unapotea. Ondoa LUT, uangalie tena faili lenyewe. Kuna uwezekano mkubwa mshono upo.

Baada ya hapo nenda ukurasa wa Color, utengeneze nodi (hatua za marekebisho) nne kwa mfuatano.

Ya kwanza ni ya mwanga tu. Fungua Waveform (grafu ya mwanga), usianze na jicho. Shusha Lift (kidhibiti cha vivuli) hadi kivuli cheusi zaidi ndani ya mtumbwi kiguse 50 au 60, kisha cheza na Gain (kidhibiti cha sehemu angavu) hadi sehemu ya tanga iliyo juani ibaki chini ya 940. Ukiwa na wasiwasi acha 900. Tanga linalofika 1023 linaonekana kama karatasi iliyobandikwa.

Ya pili ni mizani ya nyeupe, na tanga ndilo kipimo chako. Kwenye Parade (grafu ya rangi tatu), sehemu iliyo juani inatakiwa nyekundu, kijani na bluu zikae usawa mmoja. Sehemu ya kivulini itabaki na ubluu, iache hivyo, ni mwanga wa anga unaoiangukia. Na kama tanga ni la kitambaa cha marekani kilichochakaa, lina umanjano wake wa haki. Ukilazimisha liwe jeupe pepe, bahari yote itageuka zambarau.

Ya tatu ni kontrasti na ukolezo wa rangi. Contrast kati ya 1.15 na 1.25, Pivot (kitovu cha kontrasti) kwenye 0.400 hivi, Saturation kutoka 50 ya kawaida hadi 62 au 68. Zaidi ya hapo maji ya Nungwi yanaanza kufanana na dawa ya mswaki.

Ya nne ni nyuso, na hapa ndipo wengi wanapotoa majivu. Wanaona watu wamekuwa weusi mno kwenye kivuli, wanapandisha Lift. Lift inainua sakafu ya picha nzima, weusi unageuka kijivu, na ngozi inafuata. Weka Power Window (duara la kurekebisha eneo moja tu) yenye kingo laini juu ya kila baharia, ifuatilishe kwa Tracker, kisha pandisha Gamma (mwanga wa kati) humo ndani tu. Ngozi nyeusi kwenye kivuli iache kati ya 250 na 400, mng'ao wa paji la uso ukigusa 550 unatosha. Baadaye washa mstari wa ngozi kwenye Vectorscope (grafu ya duara ya rangi). Ngozi nyeusi inafuata mstari uleule na ngozi nyeupe, tofauti ni kwamba inakaa karibu zaidi na kitovu. Ukiisukuma mbali na kitovu kwa Saturation, inatoka ya chungwa.

Kaskazi_ND

FundiRangi kamaliza ya kompyuta. Mimi narudi kwenye kamera, kwa sababu zile ngazi za anga zimezaliwa huko.

Hero 10 inarekodi biti 8, yaani hatua 256 kwa kila rangi kutoka giza hadi mwanga. Flat inazipunguza kwenye mwanga wa kati, ambako anga huwa. Tuseme anga lisilo na wingu limepewa hatua 30 kutoka upeo wa bahari hadi juu ya fremu. Ukiongeza kontrasti zinabaki 30 zilezile, ila pengo kati yao linatanuka na jicho linaanza kuliona. Ongeza na Bit Rate Low: kamera inapolazimika kubana, sehemu laini kama anga ndizo zinazotolewa kafara, kwa hiyo hata zile 30 hazifiki zote. Weka High. Kwa Mbps 100, kadi ya GB 64 inachukua kama dakika 85. Kadi ya V30 (inayoandika MB 30 kwa sekunde) inatosha, maana Mbps 100 ni MB 12.5 tu kwa sekunde.

Sharpness weka Low. High inachora ukingo mweupe kuzunguka kamba na mlingoti, na ukishaongeza kontrasti ukingo huo hauondoki tena. Ukali utauongeza mwisho wa kugredi.

Mizani ya nyeupe funga 5500K. Kwenye Auto, ngalawa ikigeuka na tanga likijaza fremu, kamera inaamua upya nyeupe ni ipi. Huko ndiko kuhama kwako kutoka ubluu kwenda umanjano, na kurekebisha hilo baadaye ni kazi ya kuweka alama fremu kwa fremu.

Sasa maji yanayokatakata. Tundu la lenzi ya Hero 10 ni f/2.5 na halifungi wala kufunguka. Jua kamili kwa ISO 100 linahitaji 1/100 kwenye f/16. Kutoka f/16 hadi f/2.5 mwanga unaongezeka mara 41, kwa hiyo shata inakwenda karibu 1/4000. Kila tone la maji linaganda peke yake, na fremu 25 zikifuatana jicho linaona mruko. Dawa ni filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga), na hesabu yake ni ya kugawanya tu, ND16 inagawanya mwanga kwa 16:

1/4000 kwenda 1/200: ND16 inakaribia, inabaki mwanga kidogo wa ziada.
1/4000 kwenda 1/100: ND32.
1/4000 kwenda 1/50: ND64.

Hiyo ni kwa jua la kawaida. Mchanga mweupe na tanga vinaongeza, kwa hiyo panda ngazi moja.

Sheria ya 1/50 kwa fremu 25 usiifuate kichwa kichwa. HyperSmooth inatuliza kwa kusogeza kila fremu, lakini ukungu wa mtikisiko uliokwisha kuingia ndani ya fremu haiwezi kuutoa. Matokeo yake picha imetulia huku vitu vinatetemeka kwa ukungu, kama unaangalia kupitia maji. Ukiiwasha, kaa 1/100 au 1/200. Kwa ngalawa ningeanza na 1/200 na ND32, ISO chini 100 juu 400, ili wingu likipita kamera iwe na pa kujinyoosha bila kuleta chenga. 1/50 iachie siku umezima HyperSmooth.

Filta ya Hero 10 inakaa mahali pa kioo cha mbele, unazungusha kutoa na kuweka. Ibadilishe ufukweni, si chomboni: kioo kikitoka kinga ya maji imetoka nacho, na chembe moja ya mchanga kwenye mpira inatosha kupitisha maji. Matone ya chumvi yafute kwa maji baridi ya kunywa kabla hayajakauka, kwa sababu lenzi ni pana kiasi kwamba doa la chumvi linaonekana likiwa na kingo zake.

Nodi_Moja

Nitawapinga kidogo kwenye jambo la msingi. Kwa kamera ya biti 8, Flat mara nyingi ni hasara. Haiongezi uwezo wa sensa hata chembe. Inachofanya ni kugawa upya hatua zilezile 256, ili vivuli na mng'ao vipate zaidi na katikati ipate kidogo. Nyuso na anga kwa kawaida viko katikati.

Kwa hiyo uliza kwanza: kwenye fremu hii kuna jua kali na kivuli kizito kwa pamoja? Tanga juani na watu nyuma yake, ndiyo, Flat inastahili. Jioni, siku ya mawingu, chini ya maji, au klipu inayokwenda WhatsApp dakika kumi baadaye: tumia Natural, Sharpness Low, EV -0.5 (mwanga chini kidogo), na kugredi kwako kutakuwa nodi moja. Anga litatoka safi kuliko Flat iliyonyooshwa.

Kamera za biti 10 ni habari nyingine. GoPro walianza nazo kwenye Hero 11 mwaka 2022, na GP-Log, mfumo wao unaofanana na S-Log3, ikaja na Hero 12 mwaka 2023. DJI wana wa kwao, D-Log M, kwenye Osmo Action 4. Hapo hatua ni 1024, unaweza kunyoosha anga bila ngazi. Ila kila moja na LUT yake kutoka kwa mtengenezaji. Ya GP-Log usiipeleke kwenye Flat, ya D-Log M usiipeleke kwenye GP-Log. Na LUT iwe nodi ya mwisho, marekebisho ya mwanga yawe kabla yake. Kilichobanwa na LUT hakirudi kwa nodi inayofuata.

Tanga_Jeupe

Shukrani wakuu. Nimeondoa LUT, mshono wa tanga kweli upo! Maswali mawili. Klipu ambazo tayari zina ngazi angani zinaokoleka? Na nimepewa klipu za GP-Log za biti 10 nizigredi, Resolve inanipa sauti bila picha.

FundiRangi

La pili kwanza. Toleo la bure la Resolve lina mipaka kwenye H.265 (aina ya mbano wa video) ya biti 10, inategemea mashine. Njia isiyobahatisha ni kubadilisha klipu kuwa DNxHR HQX, faili zito lisilobanwa sana, kwa ffmpeg (programu ya amri ya kubadilisha video):

`ffmpeg -i klipu.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hqx -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le klipu.mov`

Andaa diski. 4K ya fremu 25 inakula karibu GB 5 kwa dakika, kwa hiyo kata vipande unavyovihitaji kwanza. Hakikisha ni hqx: dnxhr_hq bila x ni biti 8, utakuwa umetupa ulichokuwa unakitafuta. Baada ya kubadilisha, kama picha imepauka au vivuli vimezama kuliko ya asili, bofya kulia kwenye klipu, Clip Attributes, Data Levels, ujaribu Full na Video uone ipi inalingana na asili. Klipu za GoPro hutumia masafa kamili (kwa biti 8 ni 0 hadi 255), na alama hiyo ikipotea njiani kila kitu kinahama.

Ngazi za angani: zinafichika, haziponi. Kwenye amri hiyohiyo ongeza `-vf "format=yuv422p10le,deband"` kabla ya kugredi. Inalainisha mipaka ya ngazi ndani ya biti 10, ila kagua tanga, maana huwa inakula na nyuzi za kitambaa. Ikikula, tengeneza klipu mbili, moja yenye deband na moja bila, uziweke juu ya nyingine na kutumia ya deband kwa anga peke yake kupitia Power Window. Kisha punguza kontrasti ya anga humo humo.

Mwisho, ukitoa kwa ajili ya YouTube, 4K ya fremu 25 iwe Mbps 45. Ukitoa kwa Mbps 10, ngazi zote zinarudi.

Tanga_Jeupe

Sawa mkuu. Duka lina ND32 ya kawaida na ND32/PL yenye polaraiza (filta ya kukata mng'ao wa kuakisi) kwa bei karibu sawa. Nichukue ipi?

Kaskazi_ND

Ya kawaida. Polaraiza kwenye lenzi pana inatia giza upande mmoja wa anga na kuacha mwingine mweupe, na ngalawa ikigeuka hilo doa linatembea angani.