Beberu wangu amezalisha kijiji kizima, nibadilishane na nani?

Mchunga wa Mlali
Habari zenu wafugaji. Niko Kongwa, nalima karanga, uwele na alizeti, na zizini nina mbuzi majike 23 na beberu mmoja. Ni chotara wa Boer, wale mbuzi wa nyama wa Afrika Kusini, nilimnunua 2020 kwa pesa ya karanga. Mke wangu alininunia siku tatu, ila vitoto vya kwanza vilipotoka na vifua vipana, akawa anamletea pumba mwenyewe.

Shida imeanza msimu uliopita. Vinazaliwa vidogo, halafu kimoja taya la chini limejitokeza, hakiwezi kushika chuchu. Nilimkamua mama yake nikakinywesha kwa chupa siku nne, kikafa. Usiku nikapiga hesabu: zaidi ya nusu ya majike yangu ni binti zake. Nikasema nibadilishane na jirani. Nimefika zizini kwake, namtazama beberu wake, ana baka jeupe lilelile juu ya sikio. Mtoto wa wangu! Nimezunguka vitongoji vitatu, kote ukoo mmoja, maana watu walikuwa wanaleta majike kwangu na sikumkatalia mtu.

Nimuuze? Roho inauma.

Gulio la Kibaigwa
Nimeona kichwa cha habari nikajua umetuletea siasa, kumbe mbuzi kweli. Kaka, muondoe, lakini si kwa mchinjaji. Yeye hana ugonjwa, anapanda binti zake tu. Mpeleke mbali asikokuwa na ndugu, ataanza upya. Mimi simkalishi beberu zaidi ya miaka miwili, maana binti zake wanawahi sana kushika mimba.

Bwana Mifugo Mstaafu
Mwanangu, huyo mpya mfungue mdomo kabla hujatoa hela. Meno mawili makubwa ni mwaka na kidogo, manne ni kama miwili, manane ameshakomaa, hata muuzaji akuapie vipi. Tazama na taya zikutane vizuri. Kisha shika kende: zilingane, zisiwe na uvimbe. Watu wanaona aibu kushika, wananunua pembe.

Akifika, mfunge peke yake wiki tatu. Nimewahi kuona zizi zima linakohoa homa ya mapafu kwa ajili ya beberu wa mnadani aliyechanganywa na wenzake siku hiyohiyo.

Na wapandishe Julai, wakiwa wamenona kwa mabua ya uwele. Mimba ni miezi 5, kwa hiyo watazaa Desemba, na nyasi zitachipua wakiwa wananyonyesha.

Ndume wa Kajiado
Mzee amesema Julai, lakini beberu hana kalenda. Huku kwetu wazee humfunga kipande cha ngozi chini ya tumbo, kinaning'inia mbele ya uume. Atapanda mgongoni apendavyo, hafiki. Siku ikifika unamfungua. Kagua kamba kila mara isije ikamchubua.

Mchunga wa Mlali
Asanteni sana. Shikamoo mzee, kweli hapo kwenye kende umenishika, huyu nilimnunua kwa pembe.

Nimempigia mjomba wangu Kiteto. Ana beberu wa kienyeji, mrefu, ukoo wa kule kabisa, na yeye anamtaka chotara. Tunabadilishana mkono kwa mkono. Kuna lori linaloleta mahindi Kibaigwa, linarudi Kiteto tupu, dereva amekubali. Zile binti nne za chotara zenye vitoto dhaifu nitaziuza za nyama. Mke wangu nimemwambia jana, akaniuliza mjomba anatoa pumba au hatoi.

Swali la mwisho: kwenye lori nimfunge miguu nimlaze?

Gulio la Kibaigwa
Usimlaze! Akilala muda mrefu anajaa gesi, unafika na nyama. Asimame, kamba fupi shingoni isimfikishe kuruka ubavu wa lori, majani makavu chini asiteleze. Na asubuhi hiyo mwambie shemeji pumba iwe kidogo.