Umekopi mpaka kamba ya mtumbwi, halafu unaniambia "nimepata msukumo tu"?

Wakuu, salaam. Nimenyamaza vya kutosha, leo naliweka hapa.

Mimi ni mpiga picha, niko Mwanza. Harusi, send-off na kipaimara ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni nyingine: picha za kisanaa za mwili wa mtu bila nguo, nyeusi na nyeupe. Najua wapo watakaokimbilia kusema hiyo ni ponografia. Mjadala huo ufunguliwe uzi wake, nitakuja. Hapa nazungumzia wizi.

Mawe ya mji huu mnayajua. Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga kila mgeni analipiga picha. Mimi napenda yale ya mbali, yasiyofikika kwa gari. Moja tulilifikia kwa mtumbwi alfajiri: mimi, dada niliyekuwa nampiga picha, mtu mzima mwenye kazi na familia yake, na kaka yake aliyekuwa anapiga kasia. Kaka alikwenda kukaa upande wa pili wa jiwe. Dada akajilaza ubavu kwenye mteremko, uso ameuelekeza ziwani, mkono umepita juu ya kichwa kuziba shavu. Pozi hilo sikulibuni mimi. Amelileta yeye, kwa sababu tulikubaliana uso usionekane. Kwenye kona ya chini ya fremu ipo kamba ya mtumbwi, imezungushwa kwenye jiwe. Niliiacha makusudi, ndiyo iliyotufikisha pale.

Tulikubaliana pia kwamba mtandaoni haiendi. Nikaichapisha kwenye karatasi, wakaiona watu wachache niliowaalika mwenyewe. Mmoja wao ni mpiga picha mwenzangu mwenye studio hapa mjini. Simtaji jina, anajijua.

Haukupita muda nikatumiwa posti yake ya Instagram. Jiwe la aina ile ile. Ubavu ule ule, mkono ule ule juu ya kichwa, mwanga unatoka kushoto kama wangu, nyeusi na nyeupe kama yangu. Na kamba! Wakuu, yeye kapigia sehemu ambayo gari linapaki hatua chache nyuma ya kamera. Mtumbwi hakuna. Hiyo kamba ilikuwa inafunga nini?

Nikampigia simu. Akajibu: "Kaka, acha hizo, mimi nimepata msukumo tu. Kwani wewe hukuwaiga wazungu?"

Haya, tuongee habari ya wazungu. Ndiyo, nimejifunza kwao na sijawahi kuficha. Nimekaa sana na picha za Bill Brandt wa Uingereza, zile alizopiga miaka ya 1950 kwenye fukwe za mawe za kusini mwa Uingereza na kule Normandy, Ufaransa. Alisogeza lenzi pana karibu kabisa na mwili, hadi goti au kiwiko kikawa jiwe kati ya mawe. Nimezitazama pia za Edward Weston wa Marekani, za mwaka 1936, modo wake Charis Wilson akiwa amelala kwenye vilima vya mchanga vya Oceano, California. Kwao nilijifunza kwamba mwili na ardhi vinaweza kuzungumza ndani ya fremu moja. Kisha nikaja ziwani kwangu nikakuta mambo mengine kabisa. Mawe yetu ni makubwa, yanakwaruza ngozi, juu yamepauka kwa mavi ya ndege, na upepo wa alfajiri unasimamisha vinyweleo. Brandt anamfanya mtu apotee ndani ya jiwe. Mimi nilitaka abaki mtu, anayesikia baridi, aliyekuja pale kwa hiari yake. Kwenye chapa yangu, yaani ile picha ya karatasi, vinyweleo vya mkono vinaonekana. Hilo sikulikuta kwa Brandt wala kwa Weston.

Man Ray, mpiga picha Mmarekani, mwaka 1924 alimpiga modo wake Kiki wa Montparnasse mgongo, kavaa kilemba, na kila anayeujua uchoraji anaona mara moja kwamba mwanamke huyo katoka kwa mchoraji Mfaransa Ingres, kwenye mchoro wake wa 1808 wa mwanamke anayeoga, uliopo makumbusho ya Louvre, Paris. Lakini Man Ray akachora juu ya chapa matundu mawili ya fidla, mgongo ukageuka chombo cha muziki. Alipokea kitu mbele ya macho ya watu wote, akakijibu. Wewe mwenzangu umejibu nini?

Modo wake mwenyewe alinitafuta akanieleza. Alionyeshwa picha yangu kwenye simu, akaambiwa alale hivyo hivyo. Kumbe siku ile ya maonyesho jamaa aliipiga kwa simu! Binti akamuuliza kwa nini afiche uso, maana yeye hana shida kujulikana. Akajibiwa: "Ndivyo ilivyo kwenye picha." Mtu umemwamuru ajifiche bila sababu yoyote, kisa sababu ilikuwa ya mwanamke mwingine.

Na huyo mwanamke mwingine ndiye anayenifanya nisilale. Walioiona chapa yangu, walipokutana na posti wakadhani ni yeye. Maneno yamefika hadi kazini kwake. Kanipigia analia, ananiuliza kama nimemuuza. Mwanza ni ndogo, wakuu. Alinipa kitu ambacho hata ndugu zake wengi hawajui, na mtu mmoja mvivu wa kufikiri kakimwaga barabarani.

Msiniambie wazo halina mwenyewe. Hilo nalijua, hakimiliki hailindi wazo. Lakini sheria yetu ya 1999 inalinda picha, na kuna kesi ya London ya mwaka 2012 ya picha ya basi jekundu kwenye daraja la Westminster, Bunge nyuma likiwa jeusi na jeupe. Kampuni ya chai ilitengeneza picha yake yenyewe yenye mpangilio unaofanana, na jaji akasema wamekopi. Haizifungi mahakama zetu, ila inaonyesha kwamba kubonyeza kamera mwenyewe si kinga.

Ninachotaka: ishushe hiyo posti. Futa picha yangu kwenye simu yako. Andika kwenye ukurasa wako huo huo kwamba mwanamke aliyepo pale si yule wa kwenye chapa yangu, ili dada wa watu apumue.

Wadau mliowahi kupeleka shauri la picha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, naomba mnieleze mlianzia wapi na mlidaiwa ushahidi gani. Faili halisi ninazo, na kaka mtu yupo tayari kutoa maelezo.

Nawasilisha.