Wacheza Age of Empires II: tupeane uzoefu wa kutumia farasi mechi za mtandaoni

#1
Wakuu, uzi huu ni wa farasi tu, toleo la Definitive Edition la mchezo huu wa mkakati wa vita, mechi za mtu kwa mtu na za timu. Anayechangia aweke gharama, mpangilio, na mahali watu wanapokosea. Habari za nani alimfunga nani tuziache.

#2
Naanza na skauti, farasi mwepesi wa upelelezi. Ukifika watu 20 au 21, bonyeza kupanda Zama za Umwinyi (Feudal, zama ya pili), chakula 500. Wakati unapanda, jenga kambi ya askari kwa mbao 175, maana bila hiyo banda la farasi halijengeki. Ukiingia tu, mbao 175 za banda ziwe mkononi.

Sasa angalieni chakula. Skauti ni chakula 80 na sekunde 30, mwanakijiji ni 50 na sekunde 25. Kwa dakika moja banda linakula 160 na kituo cha mji 120, jumla 280. Hapo ndipo wengi hukwama: matunda yameisha, nguruwe ameisha, na mashamba ni mawili. Shamba ni mbao 60, kwa hiyo ongeza wakata miti mapema na uanze kulima kabla matunda hayajakauka.

Skauti wakishatimia watatu au wanne, waende kwa wakata miti walio mbali na kituo cha mji. Mwanakijiji asiye na Loom (utafiti wa kuwaongezea wanakijiji uhai) ana uhai 25, mwenye Loom ana 40, na tofauti hiyo inatosha kumpa muda wa kukimbilia ndani. Ukiona askari wa mkuki, ondoka nenda kwenye dhahabu yake. Mkuki hamfikii farasi anayekimbia, humpata aliyesimama.

#3
Mkuu #2 kamaliza skauti, mimi niongeze naiti, farasi mzito wa vita. Ni chakula 60 na dhahabu 75, sekunde 30. Mabanda mawili yakitoa bila kusimama yanataka chakula 240 na dhahabu 300 kwa dakika, na wanakijiji hawajala bado. Mtu anajenga mabanda matatu akiwa na wachimba dhahabu sita, halafu analalamika kwamba naiti hawatoki. Banda moja linalofanya kazi muda wote ni bora kuliko matatu yanayosubiri.

#4
Niweke hesabu ya mikuki, kwa sababu inadanganya watu.

Naiti ana uhai 100, shambulio 10, ngao 2, na hupiga kila sekunde 1.8. Mkuki wa kawaida ana uhai 45, shambulio 3 na nyongeza ya 15 dhidi ya farasi, ila hupiga kila sekunde 3. Kila pigo la mkuki linamtoa naiti uhai 16, hivyo anahitaji mapigo saba. Naiti anammaliza kwa matano. Mmoja kwa mmoja, naiti anashinda tena kwa raha, na hicho ndicho kinachomfanya mtu azame katikati ya kundi.

Tatizo ni bei. Mkuki ni chakula 35 na mbao 25, hana dhahabu. Kwa gharama ya naiti mmoja unakutana na wawili, wakati mwingine watatu.

Akishapanda kuwa Pikeman (mkuki ulioboreshwa), nyongeza inakuwa 22 na shambulio 4: pigo moja ni 24. Hapa sikilizeni vizuri. Bloodlines, utafiti wa farasi, inaongeza uhai 20, lakini naiti wa 100 anakufa kwa mapigo matano, na wa 120 vilevile matano. Ongeza Scale Barding, utafiti wa ngao ya farasi, chakula 150, pigo linashuka hadi 23 na sasa anahitaji sita. Kwa hiyo dhidi ya Pikeman ambaye hajaboreshwa silaha, Bloodlines peke yake haikuokoi hata pigo moja. Zifanye zote mbili.

#5
Watawa, wanaogeuza askari wako kuwa wa adui: masafa yao ni 9, bei dhahabu 100. Usipeleke naiti wakiwa wamebanana mbele yao, utamtajirisha mpinzani. Tanguliza farasi wepesi, wanageuzwa kwa shida na wana nyongeza ya shambulio dhidi ya mtawa. Naiti wafuate nyuma.

Mitambo ya kurusha mawe nayo ina masafa ya chini kabisa. Ukiisogelea hadi mguuni haikupigi. Gawanya kundi mara mbili, ingia kwa pande mbili.

#6
Swali kwa #4: kundi likikutana na kundi, mnabonyeza adui mmoja mmoja?

#7
Hapana ndugu. Naiti kumi ukiwaelekeza kwa askari mmoja, watatu wanapiga na saba wanasukumana wakitafuta nafasi. Tumia doria kupita katikati ya kundi la adui, kila mmoja atajichagulia wa karibu. Kubonyeza mmoja mmoja weka kwa mtawa au mtambo.

#8
Mechi za timu, ramani ya Arabia 4 kwa 4: wa katikati ndiye anacheza farasi, wa pembeni mishale. Kwa mataifa ya kuchagua, Franks wana farasi wenye uhai zaidi kwa asilimia 20. Berbers wanapunguziwa bei ya askari wote wa banda la farasi kwa asilimia 15 Zama za Ngome na 20 Zama za Himaya, ila hawana Paladin (daraja la juu kabisa la naiti). Lithuanians wanapata shambulio 1 kwa kila masalio matakatifu hadi 4, basi wa pembeni asimwachie mpinzani masalio ya karibu.

Paladin ni chakula 1300 na dhahabu 750. Usimwanze kabla Cavalier (daraja kati ya naiti na Paladin) hawajawa wengi uwanjani, utabaki na jina kubwa na jeshi la watu watano. Na Halberdier (daraja la juu la mkuki) wakionekana, mishale ya mwenzako itangulie, farasi wazunguke kwenda kwenye mashamba.